Blanketi la msimu wa mvua: mikono sita, miraba 80, na hakuna unaolingana na mwenzake

Kitanzi (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Mvua inapiga bati tangu saa nane mchana, watoto wako sebuleni, na mimi nimezungukwa na rundo la miraba ya kroshia nisiyojua niifanyeje. Maelezo yangu ni marefu kidogo, mnivumilie, maana bila kueleza ilivyoanza hamtaelewa kwa nini sitaki jibu la "fumua uanze upya".

Kwetu msimu wa mvua ndio msimu wa kazi za mikono. Jua likiwepo kila mtu yuko nje hadi giza liingie, tunakutana usiku tumechoka. Mvua zikianza tu, wote sita tunajikuta chumba kimoja chini ya taa moja: mimi, mume wangu, mama yangu mzazi, binti wa miaka 14, kijana wa 11 na kitinda mimba wa miaka 7. Nazipenda jioni hizi kuliko kitu chochote katika mwaka.

Mwaka jana nilizitumia vibaya. Nilianza kumfumia mume wangu sweta la sufu. Sweta ni kazi ya mtu mmoja. Nilikaa pembeni nahesabu vitanzi, mtoto akiniuliza jambo namnyooshea kidole asubiri, nikifika mwisho wa safu aliyeuliza keshaondoka. Mvua zikakatika sweta lina mkono mmoja. Nilipolimaliza likamwia pana, analivaa mara moja kunifurahisha, likaingia kabatini.

Mwaka huu nikapanga tofauti. Kazi iwe ya vipande vidogo, mtu aweze kuiacha katikati akaitikia mlango, na kila mwenye mikono humu ndani awe na sehemu yake. Ndipo nikachagua blanketi la miraba, ile inayoanzia katikati: unafunga duara dogo, unazunguka mizunguko sita, unakata uzi, mraba umeisha. Mimi mmoja unanichukua kama dakika 40. Nilipanga miraba 80, nane kwa upana na kumi kwa urefu, kila mmoja sentimita 15. Wa kwanza niliupima kwenye mizani ya jikoni, ukawa gramu 13, kwa hiyo nikanunua uzi wa akriliki wa rangi mbalimbali kilo moja na kidogo kwa miraba, na gramu 300 za rangi ya maziwa kwa kuungia.

Mama ndiye aliyenifundisha kufuma nikiwa na umri wa huyu kitinda mimba. Sasa ana mtoto wa jicho. La kulia limeshafanyiwa upasuaji, la kushoto bado. Uzi mweusi au wa bluu iliyokolea hauoni kabisa. Nikampa njano na rangi ya maziwa, na hata hizo anafuma zaidi kwa vidole kuliko kwa macho: anakigusa kitanzi kwa kidole gumba cha kushoto, anakitambua, ndipo anachomeka kulabu. Mume wangu hakuwahi kushika kulabu maishani, binti yetu ndiye mwalimu wake. Kijana amefuma miraba tisa. Kitinda mimba kulabu imemshinda, basi anafuma mnyororo kwa vidole vitupu, kitanzi ndani ya kitanzi, anatembea nao nyumba nzima. Juzi tuliupima kwa futi ya kushonea, mita 9.

Jana usiku nikaipanga sakafuni yote iliyokamilika, miraba 63. Ya mama ina sentimita 13. Yangu na ya binti ni 15. Ya mume wangu ni 17. Ya kijana iko katikati ya hapo, na mmoja una pembe tano. Ukiiweka pamoja inapishana, sakafu inaonekana kila mahali.

Dada yangu alikuwepo. Akasema nifumue ya shemeji yake, ya bibi na ya mtoto, niifume upya mwenyewe, wikiendi mbili nimemaliza. Hakusema kwa ubaya, dada yangu ni mtu wa kazi safi. Lakini mama alikuwa amekaa palepale. Hakujibu. Aliinama akauokota mraba wake mmoja, akauweka mapajani, akaanza kuupapasa kingo zake moja moja.

Kwa hiyo swali langu ni hili: nawezaje kuiunganisha bila kufumua kazi ya mtu? Na ule mnyororo wa mita 9 niufanyie nini? Mwenye mnyororo ananiuliza kila siku.

Pindo

Dada Kitanzi, hongera kwanza. Mume anayekubali kufundishwa na binti yake ni wa kushikilia.

Tofauti hiyo inatokana na mkono. Mama anakaza uzi, shemeji analegeza. Uzi mmoja, kulabu moja, hesabu moja, na bado mtu na mtu hawalingani. Ndiyo maana kabla ya nguo yoyote tunafuma kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10 tuhesabu vitanzi. Nakisia sweta lako lilipotea hapo. Tuseme maelezo yanataka vitanzi 22 kwa sentimita 10, na mkono wako unatoa 20. Kifua cha vitanzi 220 kilichotakiwa kuwa sentimita 100 kinakuwa 110. Vitanzi viwili tu, unakuta umemfumia mtu mwingine.

Kwa iliyobaki usimwambie mtu akaze au alegeze. Mtu hufuma anavyopumua, ukimwambia abadilishe atakumbuka mizunguko miwili, wa tatu amerudi kwake. Badilisha kulabu. Kama wote mnatumia ya milimita 4.5, mpe mama ya 5 au 5.5, shemeji mpe ya 4. Kila mtu abaki na mkono wake.

Kitanzi (mleta uzi)

Pindo, asante sana. Ni kweli, kipande cha majaribio sikukifuma, nilikuwa na haraka ya kuanza. Na kulabu zote ni za 4.5, nilinunua za aina moja nikidhani ndiyo haki. Leo jioni nazibadilisha.

Bibi Tarizi

Mwanangu, nimeisoma habari yako mara mbili kwa sababu ya huyo mama aliyeokota mraba wake. Usifumue hata mmoja.

Sikiliza. Usiwatafutie wote kipimo cha katikati. Kitu kikubwa hakipungui, kidogo ndicho kinachoongezwa. Chukua mkubwa kuliko yote, wa mumeo, sentimita 17. Huo uzungushie mzunguko mmoja mfupi, ule mshono wa chini kabisa, utafika 18 hivi. Ya kwako na ya binti izungushie mzunguko mmoja mrefu. Mizunguko sita imekupa 15, maana yake kila mmoja unaongeza kama mbili na nusu, utakuwa 17 na nusu. Ya mama iongezee mirefu miwili, itagonga 18. Mizunguko hii ya mwisho ifumwe na mtu mmoja tu, wewe au binti, na kwa rangi moja tu, hiyo ya maziwa. Jicho la mtu litaona fremu zinazolingana, na ndani ya fremu kila mkono utakuwa na nafasi yake.

Jambo ambalo wengi hulikosea: wakati wa kuunga usitegemee futi, hesabu vitanzi. Mraba wa kwanza ukiwa na vitanzi 26 ubavuni na jirani yake awe na 26. Ukihesabu 24, ongeza viwili ndani ya huo mzunguko wa mwisho. Sentimita moja ya tofauti uzi utaivuta wenyewe. Vitanzi viwili vya tofauti vitafanya kona isifike, na kona moja isipofika inaburuza mstari mzima.

Sasa hesabu hii hebu iangalie na wewe. Una miraba 63. Saba mara tisa ni 63. Ukiwa na kipimo cha 18, saba kwa upana ni sentimita 126 na tisa kwa urefu ni 162. Wewe ulikuwa unataka 120 kwa 150. Mwanangu, blanketi lako limeshatimia.

Na mnyororo wa mtoto ndio pindo. Uzungushe ukingoni pande zote nne, ushone kwa uzi wa rangi yake, mshono kila sentimita moja. Mzunguko wa blanketi hilo ni mita 5 na sentimita 76. Atabakiwa na mita tatu za kutembea nazo.

Kitanzi (mleta uzi)

Shikamoo bibi. Nimesoma hapa kwenye hesabu ya saba mara tisa nikaita watu wote waje. Mume wangu akachukua kalamu akapiga upya mwenyewe. Kitinda mimba nimemwambia habari ya pindo, amekaa chini ameanza kuukagua mnyororo wake kitanzi kwa kitanzi, anasema pana sehemu alifuma akiwa na usingizi.

Ule wenye pembe tano je?

Bibi Tarizi

Marahaba mwanangu. Huo wa pembe tano, ukifika kwenye mzunguko wa mwisho chagua pembe moja isiyo na nguvu uipite kama vile ni ubavu, usiiwekee ongezeko la kona. Utapata pembe nne nje. Katikati patabaki pamevimba kidogo, kama tumbo la mto. Pawe hivyo hivyo.

Fundi wa Kona

Salaam. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 19 huu, na nitasema tofauti na wenzangu, naomba isichukuliwe vibaya.

Mtoto akishona vibaya tukamsifia tu, tunamnyima ufundi. Mimi nilifumuliwa kazi mara ngapi na aliyenifundisha, nalia, na ndiyo inayonilisha leo. Kufumua si tusi. Halafu kuna jambo la usalama wa kazi yenyewe: mraba uliofumwa na mtu asiyejua, mara nyingi duara la katikati halikufungwa vizuri na mkia wa uzi umekatwa mfupi. Utaunga blanketi zuri, utalifua mara tatu, katikati patafunguka tundu la kupitisha ngumi. Hapo hakuna upendo utakaolishika.

La pili, sikuelewa kama kuna uzi wa sufu humo. Kama sweta lile la mwaka jana mmeliingiza, mmepotea. Sufu ina magamba madogo sana kwenye kila unywele. Ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa yanashikana, kitambaa kinaganda na kusinyaa. Akriliki haifanyi hivyo. Ukichanganya, kimoja kitabaki na kingine kitajikunja.

Kitanzi (mleta uzi)

Fundi, sijachukulia vibaya, na nimeamka nayo asubuhi yote. Nikatoa miraba tisa ya kijana, nikaivuta katikati mmoja mmoja. Mitatu ilianza kufunguka mbele ya macho yangu, mkia una sentimita mbili. Kwa hiyo hapo una haki yote.

Lakini sikuifumua. Nilimwita, nikamwonyesha tundu, nikampa sindano butu yenye tundu kubwa na kipande cha uzi wa rangi ileile. Nikamwonyesha namna ya kupita ndani ya vitanzi vyote vya duara la kwanza, kuvuta mpaka pafunge, kisha kurudi upande wa pili kinyume, ili uzi ujifunge wenyewe. Mikia mirefu tunaificha hivyohivyo, kwenda na kurudi, sentimita 6 au 7. Mraba wa kwanza nilishika naye mkono. Wa pili na wa tatu alifanya peke yake, akauvuta kwa nguvu zote aone kama utafunguka. Haukufunguka. Jioni alikwenda kukagua miraba ya baba yake, akaukuta mmoja una kasoro hiyohiyo, akaja kuniambia kwa sauti ya chini asimwaibishe.

Basi nadhani mimi na wewe hatuko mbali. Kasoro itakayoifanya kazi ifunguke tunairekebisha, na anayeirekebisha ni mwenye mraba. Ila mraba kuwa mdogo, au kubana, au kuvimba, hiyo sioni kama ni ya kufumua kwenye blanketi la nyumbani. Ingekuwa kazi ya mteja ningekusikiliza wewe neno kwa neno.

Na la sufu umeniokoa. Sweta lile nililifumua mwezi uliopita, kazi ni yangu mwenyewe, haikuniuma. Madonge ninayo, gramu 580, na nilikuwa nimeshapanga kuyatumia kwa pindo ili mume wangu alione sweta lake. Baada ya kukusoma nikafanya jaribio: mraba mmoja wa ziada nikauzungushia sufu, ukawa 18, nikaufua kwa maji ya moto nikiusugua. Umekauka leo. Ukingo ni 16 na nusu, katikati pamesimama kama kofia. Madonge yamerudi kabatini.

Fundi wa Kona

Dada umenijibu kwa vitendo, nashukuru. Na huyo kijana mlete nimfundishe kupinda pindo.

Kwa akriliki, ukishaunga usiipige pasi. Joto likizidi inalainika, inalala bapa na kung'aa, hairudi tena. Kama unataka kunyoosha kona, tandaza chini, bana kwa pini, nyunyiza maji au pitisha mvuke kwa mbali pasi isiguse, acha ikauke hapohapo. Na wengine mnaosoma, uzi huo msifumie vishika sufuria, unayeyukia mkononi. Vishika sufuria ni pamba.

Msomaji wa Kimya

Sijawahi kuandika kwenye uzi wowote hapa, leo nimeshindwa kukaa kimya. Baba yetu alifariki mwanzoni mwa mwaka. Mama ameyakunja mashati yake kumi na moja kwenye sanduku, kila mvua ikinyesha analifungua kuyapunga hewa yasipate ukungu, analifunga. Mimi kufuma sijui, ila cherehani natumia kidogo. Nimefikiria kumtengenezea mama blanketi la viraka vya mashati hayo. Naogopa kukata. Nikikata vibaya hakuna shati lingine.

Bibi Tarizi

Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu baba.

Ngoja nikupe habari moja. Kuna mahali panaitwa Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, wanawake wa huko wanajulikana dunia nzima kwa mablanketi ya viraka, na kazi zao zimefika hadi kwenye makumbusho makubwa. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alichukua nguo za kazi za marehemu, suruali na mashati ya shamba yaliyopauka, akaunga blanketi la kumkumbukia na kujifunika nalo. Binti yake, Arlonzia, alikuwa naye katika kazi hiyo, na ndiye aliyeisimulia baadaye. Viraka vyake si vya kupendeza kwa rangi. Unaona magoti yaliyochakaa, na pale palipokuwa mfuko pana rangi ya asili iliyokolea kwa sababu jua halikufika.

Kwa hiyo usitafute sehemu nzuri tu za shati. Mfuko wa kifua ukate pamoja na kitambaa cha chini yake, uuache uwe mfuko. Safu ya vifungo pia, ifunge vifungo vyote kisha ushone juu yake kabla ya kukata, isitawanyike.

Kabla ya hayo yote kaa na mama, umuulize ni yapi hayakatwi. Huenda kati ya kumi na moja mawili anayataka yabaki mashati.

Fundi wa Kona

Naongezea kwa huyu ndugu. Anza na shuka kuukuu, kata viraka vya sentimita 20 kwa kipande cha kadibodi, shona vinne mpaka kona zikutane. Ukishazoea ndipo uguse shati. Mashati ya pamba changanya yenyewe kwa yenyewe. Kama lipo la kitambaa kinachovutika, libandikie kitambaa chepesi kwa nyuma kwanza, vinginevyo litavuta majirani. Mgongo wa shati ndiyo unaokupa vipande vikubwa. Acha sentimita moja ya mshono kila upande.

Msomaji wa Kimya

Nimemuuliza mama jana usiku. Alikaa muda mrefu. Kisha akatoa matatu akayaweka upande wake wa kitanda, manane akanisogezea. Moja la hayo manane lina doa la wino mfukoni, aliweka kalamu bila kifuniko. Mama akasema hilo liwe katikati.

Mjamzito wa Kwanza

Jamani nimelia na uzi huu. Mimi nategemea mtoto wa kwanza, atazaliwa baridi ikiwa imekolea, na nilikuwa nimeanza blanketi la kroshia lenye matundu makubwa kama maua. Ni salama?

Pindo

Hongera mama mtarajiwa. Maliza tu, litafaa kumfunika ukiwa umempakata na unamwona. Kumwachia akiwa amelala peke yake, hapana. Madaktari wa watoto wanashauri mtoto alale bila blanketi legelege wala mto hadi atimize miezi 12. Kwenye kofia na sweta usiweke kamba ya kufunga shingoni, na badala ya vifungo shona tepe pana au umbo la kifungo kwa kudarizi, asije akang'oa kifungo akakimeza. Matundu makubwa yanashika vidole, kwa hiyo kwa mtoto mchanga heri mshono uliobana.

Soksi nazo zigeuze ndani nje kila kabla ya kumvisha, ukague nyuzi zinazoning'inia. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mguu unaweza kuzuia damu isipite, na mtoto atalia usijue analilia nini. Ukiona analia bila sababu, vua soksi kwanza.

Maana nimetaja soksi, pale British Museum, London, ipo soksi moja ya mtoto, ya mguu wa kushoto, iliyochimbuliwa Antinoupolis huko Misri. Ina zaidi ya miaka 1,600. Ni ya sufu yenye mistari, imefumwa kwa sindano moja kwa mtindo uliotangulia kufuma kwa sindano mbili, na kidole gumba kimetengwa peke yake ili mtoto avae na kandambili. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba rangi zote za mistari ile zilitoka kwenye mimea mitatu tu, mmoja wa nyekundu, mmoja wa bluu, mmoja wa njano, aliyeitia rangi akazichanganya. Kwa kisoksi cha mtoto kitakachombana baada ya miezi michache!

Mjamzito wa Kwanza

Nimeitazama picha yake. Naanza na soksi basi, za njano.

Bibi Tarizi

Kitanzi mwanangu, kabla hujashona pindo, darizi jina na mwaka kwenye kona. Uzi wa kudarizia una nyuzi ndogo sita zilizosokotwa pamoja. Zitenganishe utumie mbili au tatu, herufi zitakaa vizuri. Watu wanadhani watakumbuka. Hawakumbuki. Kitambaa cha Kiingereza cha sampuli za kudarizi, cha zamani kuliko vyote vinavyojulikana vyenye tarehe, kilichoko makumbusho ya Victoria and Albert Museum, London, ni cha mwaka 1598, kazi ya Jane Bostocke, na alichokiandika kwa sindano ni kwamba Alice Lee alizaliwa tarehe 23 Novemba 1596, siku ya Jumanne, mchana. Mtoto alizaliwa, mtu akaketi akaandika hadi na wakati wa siku. Bila huo uzi nani angejua.

Kitanzi (mleta uzi)

Wanajukwaa, narudi baada ya wiki tano. Limekwisha.

Mizunguko ya mwisho tulifuma mimi na binti, lakini kwa kulabu moja tu tuliyopeana zamu, tukiogopa mikono yetu nayo itofautiane. Gramu 300 hazikutosha, niliongeza madonge mawili ya gramu 100. Kuhesabu vitanzi kulitusaidia sana. Mume wangu ndiye aliyekuwa mhesabuji, mraba ukipita kwake unabandikwa kikaratasi chenye namba. Kona zimekutana zote isipokuwa mbili.

Mama alikuwa ameanza mraba mpya kwa kulabu ya 5, kabla hatujajua kwamba tumetosha. Nikamwambia si lazima aumalize. Akasema atamaliza. Ulipoisha ulikuwa sentimita 15 kamili, sawasawa na wangu. Aliuweka juu ya mraba wangu, akazungusha kidole gumba kwenye kingo zote nne, akacheka. Huo sikuunga, uko chini ya taa ya kitandani kwake.

Pindo alilishona kijana, kwa sababu Fundi amemfundisha kweli, walikutana. Mnyororo ulitosha, na ile sehemu ya usingizi tumeiweka pembeni pa miguuni kwa ombi la mwenyewe. Kona ya juu nimedarizi majina sita na mwaka, nyuzi tatu, rangi ya bluu. La mama nilitaka nimwandikie, akaniomba sindano. Nilimtungia uzi tu. Herufi zake mbili za mwisho zimepanda juu kidogo ya mstari.

Mvua zilikatika siku nne kabla hatujamaliza. Nilidhani halitatumika mpaka mwakani, lakini saa kumi alfajiri bado kuna ubaridi, na asubuhi huwa nalikuta kochini na mtu chini yake. Kijana anautafuta mraba wake wa pembe tano kwa mguu gizani, ile sehemu iliyovimba, ndipo analala. Kitinda mimba amegundua siri hiyo, na sasa wanagombea upande.

Zile gramu 580 za sufu bado zipo. Pindo, hebu niambie soksi ya mtu mzima mwenye mguu mpana inaanza na vitanzi vingapi. Safari hii kipande cha majaribio nimeshakifuma, kiko hapa mezani.